Hedifoni za Masikio ya Cucu

Mjomba wangu alipokwenda ng'ambo kusoma, alimwandikia nyanya yangu barua kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kila barua ilisomwa na mtu mwingine. Cucu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, hakujua kusoma. Barua zilifikia kwenye sanduku la posta la shule huko Kiriaini. Mwalimu mmoja alimletea, akamsomea papo hapo uani, huku wanawake waliokuwa wakitoka kuchuma majani chai wakisimama na vikapu vyao mgongoni wasikilize. Mjomba alilijua hilo. Kwa hivyo barua zake zilikuwa za salamu tu: mimi ni mzima, huku baridi ni nyingi, wasalimie wote. Cucu alizikunja na kuzitia ndani ya kopo. Siku moja nilimsikia akisema kwamba mwanawe humwandikia kama mtu anayemwandikia chifu.

Alikuwa na mabinti wanne na mwana huyo mmoja, kitinda mimba. Mama yangu ndiye binti mkubwa.

Katika mwaka ninaousimulia, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, Cucu alikuja kukaa nami Gatitu. Alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, na daktari alitaka kioshwe mara mbili kwa wiki katika hospitali ya mjini Nyeri. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja cha mbao. Cucu alilala kitandani, mimi nikalala kwenye godoro sakafuni. Ukuta wa upande mmoja tulishirikiana na familia ya watu sita, na wa upande wa pili na kondakta wa basi ambaye tulimsikia hata akikohoa.

Huko ndiko kifurushi kilikotufikia, kikiwa kimeletwa na mtu aliyekuja likizo kutoka alikokuwa mjomba. Ndani mlikuwa na wokmani, ile redio ndogo ya kaseti ya kubebwa mkononi, pamoja na hedifoni zake za kusikilizia masikioni, kaseti moja, na karatasi iliyoandikwa jina langu. Mjomba aliandika hivi: "Hii ni barua ya mama. Mwekee asikilize peke yake. Wewe usisikilize, tafadhali. Upande wa pili ni nyimbo, hizo sikilizeni wote."

Lile neno la usisikilize liliniuma kidogo, sitaficha. Lakini nilitia mawe ya redio, yaani betri, nikamkalisha Cucu kitandani, nikamvisha hedifoni.

Mjomba alikuwa amesahau masikio ya mama yake. Cucu alitobolewa alipokuwa msichana, kama wasichana wote wa rika lake. Sehemu ya juu ya kila sikio ilikuwa na matundu matatu ya vijiti, na kule chini ndewe ilipanuliwa mwaka baada ya mwaka mpaka ikaning'inia kama kitanzi. Alipobatizwa aliyavua mapambo yote, lakini vitanzi vilibaki. Ili visikwaruzwe na kamba ya kuni, alikuwa na mazoea ya kuvikunja na kuvitundika juu ya sikio lenyewe. Basi sikio lake lilikuwa nene na gumu pale ambapo langu na lako ni laini. Zile hedifoni zilikuwa na chuma chembamba cha kupita kichwani na visponji viwili vya rangi ya machungwa, na kile chuma kilibana kama kibano cha nguo. Tena kilikuwa kinateleza juu ya kitambaa chake cha kichwa.

Dakika mbili hazikuisha, akazivua.

"Amesema nini?" nikauliza, nikisahau kwamba halinihusu.

"Amesema 'mama'. Baada ya hapo nilikuwa nikisikia maumivu tu."

Nikamwambia kondakta jirani yetu ana redio kubwa ya kaseti, naweza kuiazima tukafungulia sauti ya chini. Cucu akaugonga ukuta kwa kidole.

"Jana nimemsikia mama wa huku akitafuta kiberiti," akasema. "Nimemsikia hata alipokipata. Maneno ya mwanangu nitayaweka hapo?"

Nikajaribu kumwomba aviteremshe vile vitanzi vya masikio vining'inie. Aliviteremsha, akakaa hivyo kidogo, kisha akavirudisha. Alisema anajiona kama mtu aliyetoka nje bila nguo.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta hedifoni nyingine. Nilikuwa na saa moja ya chakula cha mchana, na kwa majuma mawili sikula mchana. Duka la kwanza lilikuwa barabara kuu, duka la redio na santuri lenye vioo. Muuzaji alinitolea hedifoni kubwa zenye mito ya ngozi, laini kweli, za kulifunika sikio lote. Nikazivaa. Zilikuwa nzito kama sufuria, na bei yake ilikuwa zaidi ya kodi yangu ya nyumba. Muuzaji alinisifia sauti yake. Mimi sauti sikuiuliza. Nilikuwa mnunuzi wa ajabu: nilikunja leso yangu, nikaiweka juu ya sikio ili liwe nene kama la Cucu, kisha nikavaa kila hedifoni aliyokuwa nayo na kusimama nayo kimya, nikihesabu moyoni mpaka nianze kuumia. Wateja wengine walinitazama. Muuzaji naye mwishowe akaniuliza kama niko sawa.

Duka la pili lilikuwa na zile ndogo za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, kama vifungo viwili vya koti. Nilidhani nimepata dawa. Hazina chuma, hazigusi kitambaa, na bei ni ya mtu kama mimi. Nikazinunua. Jioni Cucu alizipokea kwa heshima, akazitia, akageuza kichwa, zikaanguka. Akazitia tena, zikaanguka kwenye kikombe cha chai. Tulicheka mpaka jirani akacheka upande wa pili bila kujua tunacheka nini. Lakini alipolala niliona ameishika ile kaseti mkononi kama mtu anayeshika tiketi.

Siku chache baadaye nilinunua jozi nyingine sokoni, ya plastiki, yenye chuma kirefu zaidi. Ilibana vilevile. Hapo nikawa na jozi tatu na hakuna hata moja inayofaa.

Fundi wa redio nilimpata kwa sababu mojawapo ya zile jozi ilikuwa imekufa upande mmoja. Alikuwa na meza yake kwenye kibaraza cha duka la mbegu, chini kuelekea sokoni, mtu wa makamo mwenye sweta iliyotobolewa na cheche za risasi ya kuunganishia nyaya. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza swali la maana.

"Hizi ni za nani?"

"Ni za cucu yangu."

"Ako na masikio ya zamani?" akauliza, akigusa ndewe yake.

"Ndiyo."

"Basi mlete yeye mwenyewe. Hedifoni ni kama viatu. Huwezi kununulia mtu kwa kukisia."

Nilimpeleka Ijumaa, siku ya kuoshwa kidonda. Cucu alivaa koti lake la kanisani, ingawa nilimwambia tunakwenda kibarazani tu. Tulitoka hospitalini polepole, yeye na fimbo yake, tukipumzika kila palipokuwa na kiambaza cha kuegemea. Fundi alimpa kigoda chake, yeye akakalia kreti ya soda. Akaweka hedifoni nne mezani, akazipangusa kwa kitambaa, kisha akasita.

"Cucu, naomba ruhusa nikushike masikio."

"Shika," akasema Cucu. "Aliyenitoboa hakuomba."

Fundi aliinamisha kichwa akitabasamu. Alimvisha ya kwanza, akaivua. Ya pili akajaribu kukipanua chuma kwa goti lake, kikakatika. Wakati akihangaika na ya tatu, Cucu alianza kumsimulia jinsi alivyotobolewa kwa mwiba asubuhi ya baridi, mikono yake ikiwa imeshikwa na shangazi, na jinsi alivyovumilia kwa sababu binamu yake alilia na wakamcheka mwezi mzima. Alisimulia siku ya ubatizo pia. Aliambiwa avue, akavua, na alipofika nyumbani akasikia upepo ukipita kwenye ndewe zake, baridi tupu.

Fundi aliacha kufanya kazi. "Mama yangu yeye alishonwa zake hospitalini," akasema. "Mpaka alipokufa alikuwa akipapasa pale paliposhonwa. Kama mtu anatafuta ufunguo."

Mimi nilikuwa nimesimama nikishika koti alilolivua Cucu na dawa zake, na nilijisikia mdogo.

Ndipo Cucu akainua fimbo yake na kuielekeza shingoni mwa fundi. "Na hizo?"

Fundi alikuwa na hedifoni zake mwenyewe, zile anazozivaa akipima redio. Nilikuwa nimeziona zikining'inia shingoni mwake tangu siku ya kwanza na sikuzifikiria. Sponji zilikuwa zimelika, waya ulifungwa utepe mweusi mahali pawili.

"Hizo zimezeeka, Cucu. Chuma kimechoka. Hakishiki kitu."

"Mimi sitaki kushikwa. Lete."

Alizivua, akazipangusa mara mbili, akamvisha taratibu juu ya kitambaa na juu ya vitanzi vilivyokunjwa. Chuma kilichotumika miaka mingi kilikaa tu pale juu, kimelegea, kikifuata kichwa chake. Fundi akabonyeza redio yake ya kupimia. Ilikuwa kwaya fulani. Nilimwona Cucu akitulia. Mabega yalishuka. Baada ya muda akaanza kutikisa kichwa kidogo, na hedifoni hazikuteleza.

"Hizi hazinishiki," akasema kwa sauti kubwa mno, kama wasemavyo wote waliovaa hedifoni. "Zimekaa tu."

Fundi alizitazama kwa muda. Zilikuwa chombo chake cha kazi. Kisha akaniambia nimwachie zile jozi zangu tatu, niongeze pesa kidogo tu, naye atajitengenezea nyingine. Hakuturuhusu kuondoka hivyo. Alikata vipande viwili vya sponji laini ya godoro, akavifunika kwa flaneli aliyomwomba fundi cherehani wa jirani, akavishona kwa mkono. Ilimchukua karibu saa moja. Mimi nilichelewa ofisini na nikakemewa, wala sikujali.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nilitia tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye kitufe cha kuanzisha ili Cucu akitambue, nikamvisha, nikachukua beseni la nguo na kutoka nje kama mjomba alivyotaka. Bomba la maji lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Nilikuwa nafua, na kwa muda sikusikia kitu. Halafu sauti ya Cucu ikatoka, kubwa na wazi.

"Ndiyo, nakusikia."

Kimya.

"Hata mimi."

Kimya kirefu zaidi.

"Na anapika nini? Anajua kupika?"

Jirani yangu, yule mama wa watoto wanne, alikuwa akijaza mtungi. "Cucu anaongea na nani?" akauliza.

"Na mwanawe."

Alitazama mlango, akatazama maji yake, akaanza kuimba wimbo kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Nilimshukuru moyoni. Alikuwa akifunika maneno yasiyomhusu, na aliendelea kuimba mpaka mtungi ukafurika.

Nilipoingia, Cucu alikuwa amekaa na hedifoni mapajani na uso wake ulikuwa umelowa. Nilimuuliza kama kuna habari mbaya.

"Ni mzima," akasema. "Huko baridi ni nyingi. Anawasalimu wote."

Nikaelewa kwamba sitaambiwa zaidi.

Tangu siku hiyo alisikiliza kila asubuhi baada ya uji. Ila niliona jambo. Hakuwa akiisikiliza kaseti yote. Alikuwa akiomba niirudishe nyuma kidogo tu, sehemu ya mwisho, tena na tena. Kwa kuwa kurudisha kwa mashine kulimaliza mawe, nilimfundisha kuizungusha kwa kalamu. Akawa anaitia kalamu kwenye tundu, anazungusha mizunguko kumi na miwili bila kukosea, anairudisha kwenye wokmani, anabonyeza pale pekundu, anafumba macho. Sehemu yenyewe haikuwa hata dakika mbili. Akiisha kuisikia alikuwa mwema kwa kila mtu siku nzima.

Wivu ulinishika. Nilimpikia, nilimwosha mguu, nilimtafutia hedifoni nusu ya mji, na kulikuwa na kitu cha furaha chumbani mwangu ambacho sikukijua. Siku moja alikuwa bafuni na mimi nikibadilisha mawe. Nilivaa hedifoni nikabonyeza. Nilisikia sauti ya mjomba, ya chini, karibu kabisa na sikio, isiyofanana na barua zake hata kidogo. Alisema, "Mama, usiwaambie kwanza." Nikazima. Nikavua hedifoni upesi kama aliyekutwa na kuku wa mtu kwapani.

Cucu aliporudi alivaa, akabonyeza, akasikiliza kidogo, akavua.

"Nilikuwa nimeiacha mahali pangu," akasema. "Sasa iko mahali pengine."

Ningeweza kusema ni mawe. Sikusema. "Nilisikiliza neno moja, Cucu. Nisamehe."

Alikunywa chai yake, akanyamaza siku ile yote na asubuhi iliyofuata. Sijawahi kukaa na kimya kizito kama kile katika chumba kidogo namna ile. Jioni ya pili, kabla hatujawasha taa, alinipapasia mahali pa kukaa kando yake kitandani. Alizungusha ile kalamu, akahesabu mizunguko yake. Kisha akanivisha mimi zile hedifoni, kwa mikono miwili, akizirekebisha kwenye masikio yangu kama fundi alivyomrekebishia yeye.

Kwanza nilisikia mkwaruzo, kama kitambaa kikisugua kitu. Halafu pumzi, fupi fupi. Mjomba akasema kwa mbali, "Zungumza na mama yangu." Na mtoto mchanga akatoa sauti. Hakulia. Alitoa ile sauti ya mtoto aliyeshiba anayejaribu mdomo wake, akanyamaza, akapumua, akaitoa tena. Kaseti ikaisha hapo.

Nilimgeukia Cucu.

"Ni msichana," akasema. "Ana jina langu."

Kwetu, binti wa kwanza wa mwana wa kiume hupewa jina la mama yake baba, na watu husema huyo mama amezaliwa tena. Wajukuu wawili kutoka kwa mabinti zake walikuwa na jina lake tayari, na aliwapenda. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amemngoja huyu wa nyumbani kwake mwenyewe.

Aliniambia mengine taratibu. Mama wa mtoto alikuwa mwanamke wa huko huko, hawakuwa wamefunga ndoa, na mjomba aliwaogopa dada zake, hasa mama yangu, aliyembeba mgongoni na kumpangia maisha tangu hapo. Alitaka kuwaandikia mwenyewe, polepole. "Ameniomba muda," Cucu akasema. "Nimempa. Sasa umpe na wewe."

Nikampa. Nilikwenda Mweiga kwa mama yangu Jumapili mbili tatu, nikala viazi na maziwa yake, nikamsikia akisema mdogo wake akirudi atamtafutia msichana wa familia nzuri, nami nikatazama sahani yangu. Barua ilimfikia baada ya miezi minne. Mama alikasirika kwa wiki nzima, hakutaka kusemeshwa. Wiki ya pili nilimkuta akifuma sweta ndogo ya rangi ya waridi, akanikemea kwa kuitazama.

Mtoto tulikuja kumwona akiwa na miaka minne. Alimsalimia Cucu kwa Kigikuyu alichofundishwa na babake njiani, akakosea, akarudia. Cucu aliishi kumwona mara mbili zaidi.

Lakini nataka kusema kuhusu siku kidonda kilipopona. Daktari alimruhusu, na kabla ya kurudi Kiriaini alitaka kumjibu mwanawe. Wokmani yetu ilikuwa ya kusikiliza tu, haikuweza kurekodi, hivyo nikaazima redio kubwa ya kondakta na kununua kaseti tupu. Nikaweka kila kitu mezani, nikabonyeza vitufe viwili, nikamwonyesha mahali pa kusemea. Alijifunga kitambaa upya kama anayepigwa picha.

"Toka nje," akaniambia.

Nilitoka nikasimama karibu na bomba. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka mpaka mapaani na sikuona hata barabara. Niliisikia sauti yake tu, ya chini safari hii, sikuyashika maneno. Nilidhani atazungumza dakika tano. Nilingoja mpaka vidole vikafa ganzi, nikaingiza mikono kwapani, nikangoja tena. Mwishowe nikausukuma mlango kidogo nione kama anahitaji msaada.

Vitufe vilikuwa vimejirukia juu. Upande ule wa kaseti ulikuwa umejaa na kusimama, sijui tangu lini. Cucu hakujua. Alikuwa amekaa ameielekea redio, mikono mapajani, akimweleza mjukuu wake jinsi ya kumkamua ng'ombe mwoga, aanze na titi lipi, na amwimbie nini.

Nikaufunga mlango pole pole, nikamwacha amalize.